Tokeni Zinaisha Haraka? Anza na Mita, Usianze na Balbu

Hapa Kiamunyi, Nakuru, haipiti wiki bila jirani kunisimamisha getini na swali lile lile: "Hivi wewe tokeni ya stima ya shilingi mia tano inakufikisha lini? Kwangu haimalizi siku tano." Nikimuuliza amefanya nini kupunguza matumizi, jibu nalo ni lile lile: amebadilisha balbu na anawagombeza watoto wazime taa.

Shemeji yangu wa Mamboleo, Kisumu, alifanya hivyo pia. Alinunua balbu nane za LED kwa mpigo, akangoja mwisho wa mwezi, akanipigia simu akiwa amekata tamaa. Hakuna kilichopungua cha maana. Tulipokuja kupima, mla stima alikuwa friji kuukuu lenye mpira wa mlango uliochanika. Mwanamke wa watu alikuwa anakaa gizani ili friji lishibe.

Kwa hiyo nimeamua kuandika hatua zote mahali pamoja. Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: kinachokula stima nyumbani ni joto. Chochote kinachochemsha, kinachokausha au kinachopasha moto ndicho cha kushughulikia kwanza. Friji linafuata kwa sababu halilali. Balbu zina zamu yao, lakini si ya kwanza.

Utakachohitaji

Huhitaji kununua kitu. Tafuta daftari na kalamu, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na nafasi ya kufika kwenye mita yako au kile kikeipadi cha ndani unachoingizia tokeni. Tenga asubuhi moja ya Jumamosi ambayo nyumba imetulia. Na zungumza na watu wa nyumbani mapema, maana utazima vitu vyao. Kijana anayetazama mpira hatakuelewa ukimkatia dakika ya themanini.

Hesabu utakayohitaji ni moja tu. Yuniti 1 ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Kifaa cha wati 2,000 kinamaliza yuniti kwa nusu saa. Cha wati 100 kinaimaliza kwa saa 10. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifaa, zikifuatwa na herufi W.

Hatua ya 1: Soma mita siku saba bila kubadilisha chochote

Kila siku saa moja jioni, andika yuniti zilizobaki. Ukinunua tokeni katikati, andika pia umeongeza ngapi. Usianze kubana matumizi bado. Wengi huruka hatua hii kwa pupa, halafu mwezi ukiisha hawana cha kulinganisha, wanabaki kubahatisha.

Baada ya siku saba, gawanya yuniti zote ulizotumia kwa 7. Hiyo ndiyo namba yako ya siku. Iandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa.

Hatua ya 2: Pima kifaa kimoja kimoja kwa kitaa chekundu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu ndiyo inayofungua watu macho. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachokonyeza. Karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikikonyeza mara hizo, umemaliza yuniti moja.

Zima kila kitu nyumbani, friji pia. Kitaa kinapaswa kutulia. (Kisipotulia, soma sehemu ya mwisho kabla ya kuendelea.) Sasa washa kifaa kimoja peke yake, simama mbele ya mita, hesabu kitaa kinakonyeza mara ngapi kwa dakika moja.

Mita yako ikiwa ya 1000, zidisha hesabu hiyo kwa 60, utapata wati. Ikiwa ya 1600, zidisha kwa 37.5.

Nilipofanya kwangu, mita ikiwa ya 1000, niliwasha birika la stima la wati 2,000. Kitaa kilikonyeza mara 33 kwa dakika. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 ilikimbia mara 92, hata nikalazimika kuhesabu nusu dakika kisha nizidishe mara mbili. Halafu nikazima vyote, nikawasha balbu moja ya LED ya wati 9. Nikasimama. Nikangoja. Ilipita karibu dakika 7 kabla kitaa hakijakonyeza mara moja tu. Binti yangu aliyekuwa ananishikia simu akasema, "Kumbe taa ya chumbani kwangu si shida!" Tangu siku hiyo sijamgombeza mtu kwa kusoma na taa.

Kama mita yako iko juu ya mlingoti na huifikii, tumia kikeipadi: soma yuniti zilizobaki, washa kifaa kimoja kwa saa nzima, soma tena. Inachukua muda zaidi lakini jibu ni lile lile. Kwa vifaa vidogo njia hii haifai sana, kwa sababu tofauti ni ndogo mno.

Kosa la kuepuka: usipime friji kwa dakika moja. Linawaka na kujizima lenyewe, kwa hiyo utapata namba ya uongo. Lipime usiku. Watu wakilala, zima vingine vyote, soma mita, usome tena saa nane baadaye. Zidisha kwa 3 upate ya siku nzima.

Hatua ya 3: Shughulikia shawa

Sisi wa Nakuru tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai hakuna anayetaka kujimwagia maji ya mfereji, na simlaumu mtu. Lakini tupige hesabu. Shawa ya wati 5,500, watu wanne, kila mmoja dakika 10 kwa siku: karibu yuniti 3.7 kila siku. Kwa mwezi ni yuniti 110. Hapo hujapika, hujapiga pasi, hujawasha hata redio.

Fanya hivi:

Punguza muda kwanza. Dakika 5 badala ya 10 zinakurudishia yuniti 55 kwa mwezi. Zima shawa unapojipaka sabuni.

Pili, kama shawa yako ina ngazi ya joto la kadiri na ya joto kali, weka ya kadiri kisha upunguze maji kidogo. Maji yakipita polepole yanapata joto la kutosha kwa stima pungufu. Usiyapunguze hadi yachuruzike. Koili ya ndani itaungua, na kununua shawa mpya ni hasara kuliko tokeni ulizookoa.

Tatu, kwa watoto wadogo, rudi kwenye beseni. Chemsha birika la lita moja na nusu mara mbili, changanya na lita saba za maji baridi. Utapata lita kumi za maji ya kuoga yenye joto zuri, kwa takriban yuniti 0.3. Shawa ya dakika 10 ingekula 0.9.

Walio Kisumu wana bahati ambayo sisi hatuna. Mtungi mweusi wa maji ukianikwa juani tangu saa nne asubuhi, jioni unaoga bila kuwasha chochote.

Onyo, na hapa nasema kwa uzito: usitumie ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo kama kuna watoto nyumbani. Watu hutia kidole kuonja joto la maji ikiwa bado imewashwa. Usifanye hivyo kamwe, hata mara moja. Zima kwenye soketi, ng'oa plagi, toa koili, ndipo uguse maji. Na kama swichi ya shawa inapata moto au kuna harufu ya plastiki kuungua, acha kuitumia leo hii, uite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini.

Hatua ya 4: Jikoni

Birika kwanza. Usijaze lita nzima kwa kikombe kimoja. Pima maji kwa kikombe chenyewe utakachonywea. Kama nyumbani kwenu mnakunywa chai siku nzima, chemsha mara moja, weka kwenye thamosi. Kupasha moto maji yale yale mara tano ni kuyalipia mara tano.

Githeri na maharagwe ndiyo mtego mkubwa wa anayepikia jiko la koili. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, ndiyo maana maharagwe ya Nakuru yanachelewa kuiva kuliko ya Mombasa. Koili ya wati 1,000 ikikaa saa tatu imemaliza yuniti 3 kwa sufuria moja. Kuna njia tatu za kupunguza, nazo zinaweza kutumika pamoja:

Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji yale. Hii peke yake inapunguza muda sana, na haina gharama.

Funika sufuria. Nimeingia jikoni nyingi nikakuta sufuria inatokota wazi na mvuke unajaza chumba. Ule mvuke ndio pesa yako inayopaa.

Chakula kikichemka vizuri kwa dakika 30, kihamishie kwenye kikapu kilichotandikwa blanketi zito au nguo kuukuu, ukifunike juu pia, ukiache saa nne. Kinaendelea kujiivia chenyewe. Kabla ya kula, kirudishe motoni kichemke tena vizuri.

Ukiwa na uwezo, sufuria ya presha ya stima inalipa gharama yake kwa familia inayokula githeri mara mbili au tatu kwa wiki. Kwangu, githeri ya watu watano, mahindi na maharagwe yakiwa yamelowekwa, hupunguza takriban nusu yuniti kwenye mita. Pima na yako usiamini yangu, kwa sababu sufuria na maharagwe havifanani.

Hatua ya 5: Friji

Chukua karatasi ya daftari, iweke mlangoni, funga mlango, halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inavuja usiku na mchana. Rudia pande zote nne, maana mpira huanza kulegea pembeni chini. Mpira mpya unapatikana kwa mafundi wa friji, nao ni rahisi kuliko friji jipya. Shemeji yangu alibadilisha huo tu, friji likaanza kupumzika katikati ya mchana, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa mwaka mzima.

Kisha livute kutoka ukutani angalau upana wa kiganja, ufute vumbi nyuma yake. Lisikae karibu na jiko wala dirisha la jua. Kisumu hili ni muhimu maradufu. Barafu ikifikia unene wa kidole kidogo, lizime friji na uiyeyushe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na friji limekwisha. Chakula cha moto kipoe kwanza nje.

Kuna swali linalorudi kila mara: nilizime usiku? Hapana. Asubuhi litafanya kazi muda mrefu bila kupumzika ili kurudisha baridi, na nyama na maziwa vitakuwa vimeanza kuharibika.

Hatua ya 6: Pasi

Piga nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Sare za shule za siku tano, Jumapili jioni. Anza na nguo nyepesi pasi ikiwa bado inapata moto, fuata nzito, kisha izime na umalizie leso na foronya za mito kwa joto lililobaki. Kupasha pasi kila asubuhi kwa ajili ya shati moja ndiko kunakokula. Na usiichomeke kwenye kishikio cha balbu kwa waya wa kuunga. Waya zile hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, na nyumba zimeungua hivyo.

Hatua ya 7: Sasa balbu, na vitu visivyolala

Balbu inayostahili kubadilishwa kwanza ni ya nje, ya usalama. Ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula yuniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 9 mahali pale pale inakula 3.2. Balbu ya stoo unayoiwasha dakika mbili kwa siku iache mpaka iungue.

Dikoda ya televisheni huendelea kula hata ukizima kwa rimoti. Wati 10 usiku na mchana ni yuniti 7.2 kwa mwezi. Tumia ekstensheni yenye swichi, uzime yote kwa kidole kimoja unapokwenda kulala. Chaja ya simu isiyo na simu inakula kidogo mno. Usigombane na mtu kwa ajili yake.

Feni nayo niiseme kwa ajili ya watu wa Kisumu. Ni wati 60 hivi. Ikiwaka usiku mzima wa saa nane haimalizi hata nusu yuniti. Lala vizuri.

Hatua ya 8: Soma tena siku saba

Vile vile kama hatua ya 1, saa ile ile. Linganisha na ile namba kubwa juu ya ukurasa. Lengo zuri la kuanzia ni kushuka chini ya yuniti 100 kwa mwezi, na sababu iko kwenye bei. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Kila kundi la juu linalipia yuniti bei ghali zaidi. Kundi lako linapangwa kwa wastani wa miezi mitatu, kwa hiyo ukibana mwezi huu usitarajie bei kushuka kesho. Vumilia miezi mitatu. Na kununua tokeni kidogo kidogo hakukushushi kundi. Kinachohesabiwa ni jumla.

Wapangaji wa ploti, sikilizeni hapa. Kama vyumba kumi vinatumia mita moja, yuniti zenu zinajumlishwa, na lazima mtavuka 100 hata kama kila mmoja anatumia 20. Kaeni pamoja, mwendeeni mwenye nyumba kwa heshima, mumwombe kila chumba kiwe na mita yake ya Kenya Power. Mita ndogo za mwenye nyumba zinagawa gharama, haziwatoi kwenye kundi la juu.

Ukikwama

*Nimenunua kwa pesa ile ile lakini yuniti zimepungua.* Angalia ujumbe wa tokeni, umegawanywa mstari kwa mstari. Gharama ya mafuta ya kuzalisha stima na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Angalia pia kama kuna deni linalokatwa, na kama umehamia kundi la juu.

*Nimeuziwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachoahidi kupunguza bili.* Kipime kwa kitaa chekundu. Jirani yangu alileta chake. Birika lilikonyeza 33 bila hicho kifaa, likakonyeza 33 nacho kikiwa kimechomekwa. Mita ya nyumbani inahesabu stima uliyotumia kweli, na kifaa kile hakiigusi. Pesa yake haikurudi.

*Tokeni inakataa kuingia.* Ingiza tarakimu zote 20 polepole, ukianza upya. Hakikisha namba ya mita kwenye ujumbe ni yako. Wengi humnunulia jirani bila kujua. Ikiendelea kukataa, piga *977# au 97771.

*Nimezima kila kitu lakini kitaa bado kinakonyeza.* Zima swichi kubwa ya nyumba. Kitaa kikitulia, stima inavuja au inatumiwa ndani ya nyumba: huenda ni pampu ya maji, taa ya nje uliyoisahau, au waya uliochubuka. Washa swichi ndogo moja moja kwenye boksi mpaka kitaa kianze tena, hapo umejua ni upande gani, na fundi atakuwa na pa kuanzia. Kitaa kisipotulia hata swichi kubwa ikiwa imezimwa, kuna aliyeunga waya kati ya mita na nyumba yako, au mita yenyewe ina kasoro. Usipande kukagua, usishike waya, usimshtumu mtu. Piga picha ya video ya kitaa kikikonyeza huku swichi ikionekana imezimwa, andika tarehe na saa, upige ripoti Kenya Power siku hiyo hiyo na uombe namba ya kumbukumbu.